Nani Alilipa Karo?

Katika Chuo cha Hampton, jimbo la Virginia, kuna jengo kubwa la matofali liitwalo Virginia Hall. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu waliotoka utumwani pamoja na watoto wao. Pesa za bweni hazikuwapo. Basi wanafunzi wakaunda kwaya, wakazunguka miji ya kaskazini wakiimba nyimbo ambazo wazazi wao waliziimba mashambani, na mapato ya safari hizo yakasaidia kuliinua jengo. Watu wa Hampton husema jengo lile liliimbwa hadi likasimama.

Mwaka 1927 aliingia chuoni hapo kijana kutoka Kiambu, Peter Mbiyu Koinange. Alipomaliza Hampton alikwenda Ohio Wesleyan kwa shahada ya kwanza, kisha Columbia, New York, kwa shahada ya uzamili. Aliporudi Kenya mwaka 1938, baada ya kupitia Uingereza, alikuwa miongoni mwa Waafrika waliosoma zaidi katika koloni lote.

Naanzia Virginia kwa makusudi. Sisi Wakenya tunaposimulia habari za pesa za chuo kikuu, huwa tunataja mambo mawili: ndege ya Tom Mboya ya mwaka 1959, na HELB. Ndege ni hadithi ya fahari. HELB ni hadithi ya malalamiko. Kabla ya hizo mbili, na katikati yake, kuna watu waliokwisha kusoma ambao walifanya jambo fulani kwa ajili ya wale ambao bado. Hao ndio ninaowatafuta katika masomo yangu ya uzamili, na si rahisi kuwapata, kwa sababu mara nyingi hawakuacha risiti. Vyuo vya Marekani vina ofisi nzima za kuwaandikia wahitimu wao kila mwaka kuwaomba mchango. Yale ilianzisha mfuko wake wa wahitimu mwaka 1890, na vingine vikaiga. Kwetu jambo hilo lilichukua njia nyingine.

Koinange alikuta nini nyumbani? Shule za misheni zilizokuwa na masharti yake, shule za serikali chache mno, na upande wa pili, shule huru za Wakikuyu zilizozaliwa na ugomvi na wamisionari miaka ya mwisho ya 1920. Shule hizo zilikuwa na watoto wengi na walimu wachache. Januari 1939, yeye na viongozi wa shule hizo wakafungua chuo cha ualimu Githunguri.

Karo ya Githunguri ndiyo inayonivutia. Pesa zilichangwa kwa marika. Kila rika, yaani watu waliotahiriwa kipindi kimoja, lilipewa nafasi ya kutoa, na hakuna rika lililotaka kusikia kwamba wadogo zao wametoa zaidi. Ukijua wazee wetu wanavyojali heshima ya rika, utaelewa kwamba hakuna ofisi ya wahitimu duniani iliyowahi kubuni mbinu kali kuliko hiyo. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Na mtu aliyeleta wazo lenyewe alikuwa mhitimu wa chuo ambacho bweni lake lilijengwa kwa viingilio vya kwaya. Sina hati inayosema Koinange aliyafunga mambo hayo mawili kichwani mwake. Lakini alikuwa ameishi miaka kadhaa mahali ambapo watu waliotoka utumwani walijijengea shule kwa michango, na sidhani mtu husahau jambo la namna hiyo.

Tuseme pia lisilopendeza. Koinange alikuwa mwana wa chifu mkuu. Baba yake alikuwa na ardhi, na alikuwa na sauti mbele ya wazungu. Vijana wengine wa Kiambu wenye akili kama yake walikuwa wakichuma kahawa mwaka ule wa 1927. Msaada wa masomo, tangu siku ya kwanza, ulimfikia kwanza aliyekuwa karibu na mlango.

Githunguri haikudumu. Jomo Kenyatta aliiongoza tangu mwaka 1947, na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 serikali iliifunga pamoja na shule nyingi za huru. Majengo yaliyojengwa kwa shilingi za marika yakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu.

Miaka saba baadaye ndiyo ndege ikaruka.

Ili kuielewa ndege ile lazima kwanza uone jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Katika miaka ya 1950, Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikitegemea Makerere kwa masomo ya shahada. Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, lakini hakikuwa bado chuo kikuu. Serikali ya kikoloni ilipeleka wachache Uingereza kwa gharama yake, na tangu mwaka 1952 ilikuwa na mfuko mdogo wa kukopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Wakati huohuo shule za sekondari zilikuwa zinatoa vijana wenye vyeti vya Cambridge kila mwaka. Uhuru ulikuwa unakuja, na kila mtu aliweza kuhesabu: wahandisi wangapi, madaktari wangapi, makatibu wakuu wangapi?

Tom Mboya alihesabu. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, akasomea ukaguzi wa afya, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na elimu yake ya juu kabisa ilikuwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, 1955 hadi 1956. Naupenda ukweli huu. Mtu aliyewafungulia mamia mlango wa chuo kikuu hakupitia mlango huo mpaka mwisho.

Lakini hakufanya peke yake, na hapa ndipo wahitimu wanaingia. Pamoja naye walikuwapo Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Kiano alikuwa amesoma Antioch, Stanford na Berkeley, na alirudi mwaka 1956 akiwa Mkenya wa kwanza mwenye shahada ya uzamivu. Njiiri alikuwa amesoma Lincoln, Pennsylvania, chuo kilekile walichosoma Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah. Hawa wawili hawakuwa na pesa za kusomesha watu mia. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa mambo madogo ambayo aliye nje hawezi kuyajua: barua ya maombi inaandikwaje, inaelekezwa kwa nani, cheti cha Cambridge kinafafanuliwaje kwa Mmarekani asiyejua ni nini, ni vyuo gani vya makanisa vinaweza kumsamehe ada mwanafunzi mgeni. Wote watatu walikaa kuchagua majina.

Nadhani huo ndio mchango wa kwanza wa wahitimu wa Kenya, na nausisitiza kwa sababu hauonekani katika hesabu yoyote. Mtu amekwisha kuvuka mto, anajua mawe yapo wapi chini ya maji, anarudi ukingoni kuwaonyesha wengine.

Mwezi wa Aprili 1959 Mboya alikwenda Marekani, akazunguka vyuo na kumbi kwa wiki kadhaa akihutubia. Vyuo vingi vikaahidi nafasi. Lakini nafasi bila nauli ni karatasi tu. Rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, alikuwa tayari amelipia baadhi ya wanafunzi kutoka mfukoni mwake, na sasa taasisi ya kuwasaidia wanafunzi Waafrika ikasimamishwa rasmi. Barua ya kuomba michango ikatoka ikiwa na majina matatu: Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wamarekani wa kawaida, wengi wao weusi, wakatuma dola.

Upande wa huku, watu walipika chai. Nasema hivyo bila utani. Familia ziliita majirani wanywe chai na kuacha chochote mezani, ziliandaa dansi, ziliuza ng'ombe, na nyingine ziliuza vipande vya ardhi. Mwanafunzi alitakiwa awe na nguo, na pesa kidogo za kuanzia maisha. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda New York. Maafisa wa kikoloni walikuwa wakinong'ona kwamba vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini na kwamba vijana wale hawakustahili. Mpaka safari zilipokoma, mwaka 1963, wanafunzi waliosaidiwa na mpango ule walikaribia 800, wengi wao Wakenya lakini wakiwamo pia wa Tanganyika, Uganda na nchi za jirani. (Oginga Odinga naye alikuwa akipeleka vijana wake Moscow na Berlin Mashariki kupitia Cairo. Hao wanastahili makala yao.)

Safari ya mwaka 1960 iliingia katika siasa za Marekani, na inafaa tuisimulie polepole kidogo. Taasisi iliomba wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilipe nauli, ikakataliwa. Mwezi Julai Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Kennedy alikuwa anagombea urais. Wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Watu wa Nixon waliposikia, ghafla wizara ileile ikawa na dola 100,000 za kutoa. Jackie Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Nixon, alikuwa amemsihi atafute pesa hizo. Taasisi ikachagua za Kennedy, na seneta mmoja wa Republican akasimama bungeni kumshutumu Kennedy kwamba pesa za wakfu zinatumiwa kwa malengo ya kisiasa.

Angalia kilichotokea baadaye katika kumbukumbu. Machi 2007, Barack Obama akihutubia Selma, Alabama, aliunganisha kuja kwa baba yake Marekani na ukarimu wa akina Kennedy. Waandishi wakachimba: baba yake alifika Hawaii mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya pesa za Kennedy, na hakuwa hata katika ile ndege ya watu 81. Waliomsaidia kufika walikuwa wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi ya elimu Nairobi. Taasisi ya Mboya ilimsaidia baadaye. Simlaumu Obama, kwani alisimulia kama familia zote zinavyosimulia. Lakini ni mfano mzuri wa jinsi mfadhili mkubwa anavyomeza wadogo. Baada ya miaka 50 jina la Kennedy limebaki, na wale wanawake wawili unawakuta katika tanbihi. Waliouza ng'ombe hawamo hata humo.

Katika karibu wanafunzi 300 wa mwaka 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri aliyetoka kumaliza shule ya Loreto Limuru. Wangari Maathai, ambaye wakati huo hakuwa bado na jina hilo la pili, alipelekwa Atchison, Kansas, katika chuo cha watawa Wabenedikto. Wasichana katika safari zile walikuwa wachache, kwa sababu wasichana waliofika kidato cha mwisho walikuwa wachache, na hiyo nayo ilikuwa matokeo ya karo: mwenye ada ya mtoto mmoja alisomesha wa kiume. Njiani kwenda Kansas basi lao lilisimama Indiana, na yeye na wenzake Waafrika wakaambiwa wanaweza kununua vinywaji lakini si kukaa ndani. Alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, akarudi kufundisha Nairobi.

Huwa tunaruka kutoka hapo hadi kwenye miti na Nobeli ya mwaka 2004. Mimi hupenda kusimama katikati. Miaka ya mwanzo ya 1970, akiwa mhadhiri, aligundua kwamba wahadhiri wanawake hawapewi marupurupu ya nyumba na mengineyo sawa na wanaume, kwa hoja kwamba mwanamke ana mume wa kumtunza. Akapigania jambo hilo, na likamletea maadui. Ukiuliza alilipaje deni la Atchison, mimi nitakutajia ugomvi huo kabla ya kutaja mti wowote.

Na Mboya? Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka dukani katikati ya Nairobi, barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2011, imesimama karibu na hapo, mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa. Naipita kila ninapokwenda kusoma mafaili. Wauza miwani na vifuniko vya simu hukaa kwenye kivuli chake.

Baada ya uhuru, serikali ikachukua nafasi ya marika, makanisa na akina Kennedy. Mwalimu Nyerere aliieleza hoja yake vizuri kuliko wote. Alisema msomi ni kama mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo ulisambaa kote Afrika Mashariki, hata kwetu Kenya ambako hatukupenda sana kufundishwa na Dar es Salaam. Una nguvu kwa sababu unamweka mtoaji mahali pake: anayesomesha ni mwenye njaa.

Shida ni kwamba serikali ilipoanza kulipa, mwenye njaa alitoweka machoni. Miaka ile mwanafunzi wa Nairobi alisomeshwa, akalazwa, akalishwa, na juu yake akapewa posho iliyoitwa boom. Wazee waliosoma wakati huo wanapoeleza boom macho hung'aa: suti mpya, sahani za santuri, mwingine anamtumia mama yake pesa ya mbolea. Mwaka 1974 serikali iliigeuza sehemu ya malipo hayo kuwa mkopo. Wanafunzi walitia sahihi na wengi wakaona ni karatasi tu. Kwa miaka 20 mkopo huo haukukusanywa kwa bidii, na wengi hawakulipa. Sioni ajabu. Ni vigumu kumlipa mtu usiyemwona, aliyekupa bila kukuangalia.

Mwaka 1991, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia, wanafunzi wakaanza kulipia masomo na chakula. Vyuo vikawaka moto na kufungwa. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na safari hii mkopo ukapewa meno: riba ya asilimia 4 kwa mwaka, faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi unaochelewa, na jina lako kupelekwa kwa wanaohifadhi orodha za wasiolipa madeni. Majirani zetu Watanzania walianza na bodi yao mwaka 2005. Sheria yao ya mwaka 2016 ilipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na Mei Mosi 2021 Rais Samia akaifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikifanya deni lipande huku mtu analipa.

Sasa niseme upande wangu. Mimi ni mtoto wa mkopo, na sina chuki nao. Mkopo una haki ambayo zawadi haina. Hauulizi kama baba yako ni chifu, kama padri anakufahamu, kama una sura ya kupendeza katika picha ya kijitabu cha wafadhili. Hautaki uandike barua ya shukrani kila Krismasi. Kijana wa Wajir na kijana wa Kiambu wanajaza fomu moja. Nikilinganisha na jinsi majina yalivyochaguliwa mwaka 1959, na watu watatu wenye kila nia njema lakini pia wenye makabila, vyama na marafiki, nachagua fomu.

Lakini fomu haikunitosha, kama isivyowatosha wengi. Mwaka wangu wa kwanza mkopo ulichelewa, na nyumbani wakaitisha harambee. Mama yangu ameweka daftari la Kasuku lenye orodha ya waliotoa. Nimelisoma zaidi ya mara moja, kwanza kama mtoto wake, kisha kama mwanafunzi wa historia. Mwenye duka la mbolea, 1,000. Kwaya ya wanawake, 2,300. Bodaboda wa stendi, kwa pamoja, 850. Bibi wa jirani, kuku mmoja, na mbele yake mama ameandika "aliuzwa 600". Mwalimu wangu wa darasa la nne, 500, kisha tena 200 kwa kalamu nyingine.

HELB huniambia deni langu mpaka shilingi ya mwisho. Naingia kwenye tovuti na kuliona. Daftari halina riba wala tarehe ya mwisho, na ndilo linalonikosesha usingizi. Kila ninapofika nyumbani yupo mtu wa orodha ile mwenye mtoto aliyeitwa kidato cha kwanza au chuo. Hasemi "nilikuchangia". Anasema, "Sasa wewe ndiye mkubwa wetu." Kwa pesa ninazopata kwa kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, siwezi kumsomesha hata mmoja. Rafiki zangu wengi wana daftari la namna hii, hata kama kwao halijaandikwa. Wengine wamebadili namba za simu. Nawaelewa kabisa. Mfano wa Mwalimu ulidhani kwamba huko mbali anakotumwa yule mtu chakula kipo. Hakueleza afanye nini akikuta nako kuna njaa.

Ndiyo maana nasoma kwa makini habari za wale waliotafuta utaratibu. Chris Mburu alikulia kijiji cha Mitahato, Kiambu, akiwa hodari darasani na hana karo ya sekondari. Mwanamke mmoja wa Sweden, Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa akimlipia kiasi kidogo kila muhula bila kumjua. Mburu akafika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha sheria Harvard, kisha Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa sekondari, akaupa jina la yule mwanamke, ndipo akaanza kumtafuta. Alipompata akajua kwamba Back alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, na wazazi wake walifia kambini. Filamu ya habari hii, *A Small Act*, ilitoka mwaka 2010. Katika filamu hiyo kinachobaki nami ni kikao cha kuchagua: watoto wengi wenye alama nzuri, nafasi chache, na watu wema mezani wakibishana alama ishuke wapi. Zawadi ikishapata utaratibu, inapata pia kazi ya kusema hapana. Susan Mboya, binti wa Tom, alianzisha mfuko wa Zawadi Africa mwaka 2002 kuwasomesha wasichana vyuo vikuu, akiendeleza njia ya baba yake kwa upande ule ambao ndege ya 1959 iliuacha nyuma. Nao huchagua.

Darasa letu la shahada ya kwanza tulikuwa 64. Tulipohitimu, wanane tulifungua mfuko mdogo sana, na sasa tumefika 31. Kila mmoja hutoa shilingi 300 kwa mwezi, mwenye kazi na asiye na kazi, kwa sababu tulikubaliana kwamba hakuna atakayetoa zaidi, na orodha ya waliotoa haitawekwa hadharani. Hilo la pili lilitugharimu jioni nzima ya mabishano. Mwenzetu mmoja alisema bila orodha watu hawatatoa, na akataja, bila kujua, sababu ileile iliyojenga Githunguri. Tukapiga kura; akashindwa kwa kura mbili, na mpaka leo anaona tulikosea.

Hatulipi karo, hatuwezi. Tunalipa vitu vinavyoanguka kati ya fomu na maisha: nauli ya kwenda kwenye mafunzo kazini, kodi ya mwezi mmoja ya chumba mkopo unapochelewa, kupiga chapa tasnifu. Anayehitaji humwandikia mweka hazina, na mweka hazina peke yake ndiye anayejua jina. Sisi wengine tunapata ujumbe wa mstari mmoja. Wa mwezi uliopita ulisema: nauli ya Garissa kwenda na kurudi, imelipwa, salio, 4,150.